Ukaguzi wa afya kwa msafiri wa ndege wakati wa janga: mwongozo kamili kwa anayeondoka Afrika Mashariki

Msafiri anayeondoka Dar es Salaam kwenda Maskati kwa kupitia Nairobi wakati wa janga hakaguliwi na upande mmoja, bali na pande nne: nchi anayotoka, nchi anayounganishia ndege, nchi anayokwenda, na kampuni ya ndege iliyomuuzia tiketi. Kila upande una masharti yake, na masharti hayo hubadilika, pengine kwa taarifa ya siku mbili tu. Mara nyingi anayeamua kama safari ipo au haipo ni mfanyakazi wa kaunta ya kampuni ya ndege. Kampuni ikimpakia abiria asiyetimiza masharti, hulazimika kumrudisha alikotoka na huenda ikatozwa faini, kwa hiyo mfanyakazi huyo hana nafasi ya kumwonea mtu huruma. Hufungua kanzidata iitwayo Timatic, husoma masharti ya nchi unayokwenda kama yalivyoandikwa siku hiyo, kisha huyalinganisha na karatasi ulizomkabidhi.

Nimeanza na kaunta hiyo kwa makusudi. Katika miaka ya UVIKO-19 nilikuwa nikiwasaidia ndugu na majirani kupanga safari zao, na karibu wote niliowaona wakirudi nyumbani na mizigo yao hawakuwa wagonjwa. Walikuwa na cheti kilichopitwa na saa tatu, au jina lililoandikwa tofauti na la pasipoti, au kipimo cha aina isiyokubaliwa. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba dharura ya kimataifa ya UVIKO-19 imekwisha, na masharti mengi yakaondolewa, lakini utaratibu wenyewe uko palepale na huamshwa kila mlipuko unapotokea. Mwongozo huu unaifuata safari kuanzia wiki sita kabla ya kuondoka hadi siku ya 21 baada ya kufika, na unakaa zaidi pale ambapo watu hukwama.

Jua kwanza ni ugonjwa gani

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba kila janga lina masharti ya UVIKO-19. Ugonjwa unaoenea kwa hewa, na ambao mtu huweza kumwambukiza mwenzake kabla hajajisikia vibaya, huleta sharti la kipimo cha maabara, kwa kuwa macho na kipima joto havimtambui mwenye virusi asiye na dalili. Ebola na Marburg ni tofauti. Mtu haambukizi wengine kabla dalili hazijaanza, na kipimo cha damu kwa asiye na dalili hakiwezi kuthibitisha kwamba yu salama, kwa hiyo msafiri hupimwa joto, huulizwa alikuwa wapi na alimgusa nani, kisha hufuatiliwa kwa siku 21, ambazo ndizo ukomo wa muda wa virusi hivyo kukaa mwilini kabla ya kuleta dalili. Ndivyo ilivyokuwa mkoani Kagera Marburg ilipotangazwa tarehe 21 Machi 2023, na tena wilayani Biharamulo mwanzoni mwa 2025, na ndivyo ilivyokuwa Rwanda kuanzia tarehe 27 Septemba 2024. Mpox, iliyotangazwa kuwa dharura ya kimataifa tarehe 14 Agosti 2024, humfanya mkaguzi aangalie upele kwenye ngozi. Homa ya manjano inadai chanjo.

Ukishajua ugonjwa, chora orodha ya nchi zote ulizokanyaga katika siku 21 zilizopita, pamoja na zile utakazopitia. Nchi nyingi hazimwangalii msafiri kwa uraia wake bali kwa mahali alipokuwa. Uingereza iliiweka Tanzania pamoja na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo kwenye orodha yake nyekundu tarehe 22 Januari 2021, ikaiongeza Kenya tarehe 9 Aprili, kisha ikaiondoa Kenya tarehe 22 Septemba na Tanzania tarehe 11 Oktoba mwaka huohuo. Katika sehemu kubwa ya kipindi hicho, mtu aliyekuwa na haki ya kuishi Uingereza na aliyekuwa katika nchi mojawapo ya hizo ndani ya siku 10 alilazimika kukaa karantini katika hoteli iliyopangwa na serikali, kwa pauni 1,750 kwa mtu mzima mmoja, bei iliyopandishwa Agosti hadi pauni 2,285. Asiyekuwa na haki hiyo hakuruhusiwa kuingia kabisa. Familia zilizosafiri kwa ajili ya msiba mmoja Tanga au Mombasa zilirudi na deni la miaka.

Nchi ya kuunganishia ndege nayo inaweza kufunga mlango. Mwishoni mwa Desemba 2021 Falme za Kiarabu zilisimamisha abiria kutoka Kenya, Tanzania na Ethiopia, na safari zilirejea mwishoni mwa Januari 2022. Aliyekuwa akienda Ulaya kwa kupitia Dubai alikwama ingawa nchi aliyokuwa akienda ilikuwa tayari kumpokea. Kwa hiyo nunua tiketi inayoruhusu kubadilisha tarehe, hata kama imezidi bei kidogo, na hakikisha safari yote iko kwenye tiketi moja. Ukinunua tiketi mbili tofauti, utalazimika kuchukua mizigo na kujisajili upya mahali pa kuunganishia, maana yake utahesabiwa kuwa umeingia nchini humo na utatimiza masharti yao yote.

Soma masharti katika tovuti ya wizara ya afya au ubalozi wa nchi unayokwenda, kisha katika ukurasa wa kampuni ya ndege. Yasome mara tatu: kabla ya kulipa, wiki moja kabla ya safari, na siku ya kuamkia safari. Kila mara piga picha ya ukurasa huo pamoja na tarehe yake. Ujumbe wa WhatsApp uliosambazwa mara mia, hata kama una nembo ya wizara, usiufanyie uamuzi.

Wiki sita kabla: chanjo na kadi ya manjano

Kadi ya manjano ni ya zamani kuliko majanga ya karne hii, na bado ndiyo inayowaumiza wengi. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutumika siku ya 10 baada ya kuchanjwa. Anayechanjwa Jumatatu akasafiri Ijumaa ana kadi halali ambayo muda wake haujaanza, na mkaguzi ana haki ya kumkatalia. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha yote, hata kile kilichoandikwa kwamba kinaisha baada ya miaka 10. Ukikutana na ofisa anayeshikilia kanuni ya zamani, mwombe kwa heshima amwite mkubwa wake, kwani badiliko hilo limo katika Kanuni za Kimataifa za Afya za mwaka 2005, kiambatisho cha saba.

Kenya, Uganda na Kongo zimo katika orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano. Tanzania inadai kadi kutoka kwa anayetoka katika nchi za namna hiyo, na pia kutoka kwa aliyekaa katika kiwanja cha ndege cha nchi hizo zaidi ya saa 12 akisubiri kuunganisha. Mtu anayerudi nyumbani kutoka ughaibuni na kulala Nairobi usiku mmoja akisubiri ndege ya asubuhi anaweza kujikuta ndani ya sharti hilo bila kujua.

Kadi yenyewe iangaliwe kabla hujatoka katika kituo cha chanjo. Inapaswa kuwa na jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya chanjo, mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, sahihi ya mtaalamu aliyechanja, na muhuri wa kituo kilichoidhinishwa. Watoto walio chini ya miezi 9 kwa kawaida hawachanjwi, na mtu ambaye daktari ameona hafai kuchanjwa, kwa mfano kwa sababu ya kinga dhaifu ya mwili, apewe barua yenye sababu, sahihi na muhuri, katika Kiingereza au Kifaransa. Wapo wanaouza kadi zilizogongwa muhuri bila sindano. Anayeinunua anajiweka katika hatari ya kushtakiwa, na hatari iliyo kubwa zaidi ni kwamba anaingia eneo la ugonjwa unaoua akiwa hana kinga yoyote. Nawasihi wasomaji wasiiguse.

Kuhusu chanjo ya janga lenyewe, mambo matatu huamua: aina ya chanjo, idadi ya dozi, na siku zilizopita tangu dozi ya mwisho. Tanzania ilipoanza kuchanja tarehe 28 Julai 2021 ilitumia Janssen, ambayo ni dozi moja, na msafiri akahesabiwa kuwa amekamilisha chanjo siku 14 baadaye. Kenya na Uganda zilianza mapema mwaka huo na AstraZeneca iliyotengenezwa India kwa jina la Covishield, na jina hilo likaleta usumbufu usiotarajiwa, kwa kuwa Shirika la Dawa la Ulaya lilikuwa limeidhinisha chanjo hiyohiyo kwa jina la Vaxzevria pekee. Nchi moja moja za Ulaya ziliikubali Covishield kwa uamuzi wao, nyingine zikachelewa. Andika basi jina la chanjo, mtengenezaji na namba ya toleo kama vilivyo kwenye kichupa, na usikubali kadi iliyoandikwa neno moja tu, «amechanjwa».

Saa 72 zinahesabiwa kuanzia wapi?

Hapa ndipo safari nyingi huharibika, kwa hiyo twende polepole.

Sharti linaposema kipimo kisizidi saa 72, jiulize maswali mawili. La kwanza: saa zinaanza lini? Karibu kila mahali zinaanza pale sampuli ilipochukuliwa puani, si pale majibu yalipotoka. Mtu aliyetoa sampuli Jumatatu na kupata majibu Jumatano usiku ameshatumia siku mbili na zaidi. La pili: saa zinaishia wapi? Nchi moja huhesabu hadi ndege ya kwanza inapoondoka, nyingine hadi ndege ya mwisho inapoondoka, nyingine hadi unapotua.

Chukua mfano wa ndege inayoondoka Dar es Salaam Alhamisi saa 11 jioni. Kama saa 72 zinaishia wakati wa kuondoka, sampuli isichukuliwe kabla ya Jumatatu saa 11 jioni. Kama zinaishia wakati wa kutua, na safari nzima pamoja na kuunganisha ni saa 14, utatua Ijumaa saa 1 asubuhi kwa saa za nyumbani, kwa hiyo sampuli isichukuliwe kabla ya Jumanne saa 1 asubuhi. Sasa ongeza muda wa maabara, ambao wakati wa msongamano hufika saa 48. Anayetoa sampuli Jumanne saa 2 asubuhi atategemea majibu hadi Alhamisi saa 2 asubuhi, na bado amebakiwa na saa 9 kabla ya ndege. Anayetoa sampuli Jumatano atakuwa anacheza na bahati. Dirisha salama katika mfano huu ni asubuhi moja tu, ya Jumanne, na inabidi ulijue kabla ya kuweka miadi.

Acha pia nafasi ya ndege kuchelewa. Pale muda wa maabara unaporuhusu, mimi humshauri msafiri kukata saa 8 kutoka katika kikomo chochote alichopewa, ili ndege ikichelewa au ya kuunganisha ikiahirishwa hadi ya jioni, cheti kisife mkononi mwake.

Nchi nyingine hazihesabu saa bali siku za kalenda. Marekani ilianza kudai kipimo tarehe 26 Januari 2021 kwa kikomo cha siku 3, ikakipunguza hadi siku 1 kuanzia tarehe 6 Desemba 2021, na ikakiondoa tarehe 12 Juni 2022. Katika hesabu yao siku moja ilikuwa na maana ya siku ya kalenda inayotangulia siku ya ndege: anayeondoka Ijumaa usiku aliweza kupimwa Alhamisi asubuhi, ingawa zimepita saa zaidi ya 24. Aliyehesabu kwa saa alijinyima nafasi bila sababu. Kwa upande mwingine, Dubai ilipofungua tena kwa nchi kadhaa za Afrika mwaka 2022 ilidai vipimo viwili, kimoja cha ndani ya saa 48 na kingine cha haraka kinachofanyika kiwanjani ndani ya saa 6 kabla ya ndege, na hicho cha pili kiliwataka abiria wafike mapema kuliko desturi.

Sisi tuzungumzao Kiswahili tuna mtego wetu wenyewe. Saa nne asubuhi kwetu ni 10:00 kwa saa za kimataifa. Mchukua sampuli akimtajia karani «saa nne», na karani akaandika 04:00, cheti kimeshazeeka kwa saa 6 kabla hujatoka maabara. Soma saa iliyochapishwa kwenye cheti ungali umesimama dirishani, na ikiwa si sahihi, omba irekebishwe hapohapo. Mtego wa pili ni wa usiku. Tiketi inayosema Ijumaa 00:40 ni saa 6 na dakika 40 usiku wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Anayefika kiwanjani Ijumaa usiku amechelewa siku nzima, na anayehesabu saa 72 kurudi nyuma kutoka Ijumaa usiku amekosea vilevile kwa siku nzima.

Aina ya kipimo isomwe kwa makini. Kipimo cha RT-PCR hutafuta vinasaba vya virusi na huenda maabara. Kipimo cha haraka cha antijeni hutoa majibu ndani ya dakika 15 hadi 30 lakini hakikubaliki kila mahali. Cheti kinachosema «kipimo cha haraka» bila kutaja ni cha aina gani humpa mwenye kaunta sababu ya kukataa. Kipimo cha kingamwili, kinachochukuliwa kwenye damu, karibu hakikubaliki popote kwa safari.

Kama uliugua hivi karibuni ukapona, usikimbilie PCR bila kufikiri, kwa kuwa inaweza kuendelea kuonyesha mabaki ya virusi kwa wiki kadhaa. Marekani ilikubali, badala ya kipimo kipya, majibu ya zamani ya kuugua yaliyo ndani ya siku 90 pamoja na barua ya daktari kwamba mtu amepona. Uliza kama nchi unayokwenda ina sharti la namna hiyo, na uitafute barua mapema.

Jina, namba na msimbo

Wengi wetu tuna majina matatu, na kila karatasi huchagua mawili inayoyapenda. Pasipoti ina jina la ukoo na majina ya kupewa. Kadi ya chanjo imeandikwa jina la mtu na la baba. Cheti cha maabara kimechukua jina la babu. Pengine ni Mohamed kwenye pasipoti na Muhammad kwenye cheti, au Saidi na Said. Kwa mfanyakazi wa kaunta asiyejua desturi zetu, hao ni watu wawili. Nenda kwenye kipimo na pasipoti yenyewe, si kitambulisho cha taifa wala leseni, na utake jina lote liandikwe kwa mpangilio wa pasipoti pamoja na namba ya pasipoti. Tarehe ya kuzaliwa iandikwe kwa mwezi wenye herufi, kwa mfano 05 MAR 1988, kwa kuwa Mmarekani akisoma 05/03 ataelewa tarehe 3 Mei.

Vyeti vingi siku hizi vina msimbo wa QR, na mifumo ya uhakiki hutofautiana. Wakati wa UVIKO-19 Tanzania ilimtaka anayeingia ajaze fomu ya mtandaoni ya Afya Msafiri ndani ya saa 24 kabla ya kufika; Zanzibar ilikuwa na mfumo wake; Kenya ilitaka cheti kihakikiwe kupitia Trusted Travel, mfumo wa Umoja wa Afrika; Oman ilikuwa na programu ya Tarassud+. Kila mfumo una namba au msimbo wake, na kaunta huulizia huo, si karatasi ya maabara peke yake. Jaza mapema na uhifadhi jibu lao. Chapisha nakala mbili za kila kitu, moja ya kutoa na moja ya kubaki nayo, kwa kuwa simu huzima na intaneti ya kiwanjani hukatika.

Fomu ya afya ijazwe kwa ukweli

Tarehe 19 Septemba 2014 abiria mmoja aliondoka Monrovia, Liberia, kwenda Marekani. Alipimwa joto, hakuwa na homa. Fomu ilimuuliza kama alikuwa amemgusa mgonjwa wa Ebola katika siku 21 zilizotangulia, akajibu hapana. Siku chache kabla alikuwa amesaidia kumbeba mwanamke mjamzito aliyekuwa mahututi, ambaye baadaye alifariki. Familia yake ilisema alidhani mwanamke huyo alikuwa na matatizo ya ujauzito. Dalili zake zilianza akiwa Dallas siku tano baada ya kuondoka, alifariki tarehe 8 Oktoba, na wauguzi wawili waliomhudumia waliambukizwa, ingawa walipona.

Simtaji ili kumlaumu marehemu. Namtaja kwa sababu kisa chake kinaonyesha fomu ni ya nini. Kipima joto kilifanya kazi yake: kilimpima mtu asiye na homa na kikasema hana homa. Virusi vinapokuwa vimelala mwilini hakuna kifaa cha kiwanjani kinachoviona, na kinachobaki ni kumbukumbu ya msafiri mwenyewe. Kwa hiyo kabla ya kujaza, kaa chini ukumbuke: je, ulihudhuria mazishi? Uliosha maiti au kusaidia kuiosha? Ulimtembelea mgonjwa hospitalini, ulimuuguza nyumbani, ulikwenda kwa mganga? Uliingia pangoni au mgodini, ulishika popo au nyama ya porini? Kama jibu la lolote kati ya hayo ni ndiyo na hujui ugonjwa ulikuwa nini, usijaze «hapana» kwa kuogopa kuchelewa. Piga simu kwa wizara ya afya kabla ya safari (kwa Tanzania namba ya bure ni 199) ueleze, na uahirishe safari mpaka siku 21 zipite. Tiketi hubadilishwa.

Andika pia simu itakayopatikana baada ya kufika na anwani halisi ya utakakolala. Wengi huandika namba ya laini wanayoiacha nyumbani, na maofisa wakishindwa kuwapata wao, hushindwa pia kuwaonya watoto na wazee wanaokaa nao.

Kiwanjani

Fika saa 4 kabla ya ndege. Mpangilio wa kawaida ni kupimwa joto mlangoni, kuonyesha karatasi kwa maofisa wa afya, kisha kaunta ya kampuni ya ndege, kisha uhamiaji. Kenya ilipofungua anga yake tarehe 1 Agosti 2020 iliweka kikomo cha nyuzijoto 37.5. Aliyekimbia na mizigo juani, au aliyekaa kwenye gari lenye joto, anaweza kusomeka juu ya hapo. Akae kivulini, anywe maji, na aombe kupimwa tena baada ya dakika 15 kwa kifaa cha aina nyingine.

Homa ya kweli ni jambo jingine, na kwetu mara nyingi ni malaria. Katika miezi ya kwanza ya ukaguzi wa wanaoondoka Guinea, Liberia na Sierra Leone mwaka 2014, takriban abiria 80,000 waliondoka kwa ndege na 77 walizuiwa kwa homa au dalili nyingine. Hakuna hata mmoja wao aliyejulikana kuwa na Ebola, na wengi walikuwa na malaria. Ukijisikia vibaya katika wiki ya safari, nenda kituo cha afya upime malaria, utibiwe, na uchukue maandishi. Ndege isubiri. Wapo wanaomeza paracetamol saa moja kabla ya kufika kiwanjani ili homa ishuke. Anayefanya hivyo anaificha homa yake kwa maofisa, na vilevile kwa mama aliyebeba mtoto mchanga atakayekaa naye bega kwa bega saa 8 ndani ya ndege, na mama huyo hakuulizwa.

Ukizuiwa au ukitengwa

Kanuni za Kimataifa za Afya zimempa msafiri haki anazopaswa kuzijua kabla hazijahitajika. Ibara ya 23 inasema uchunguzi wa kitabibu na chanjo havifanyiki bila ridhaa yake baada ya kuelezwa. Lakini akikataa, nchi inaweza kumnyima kuingia, na penye ushahidi wa hatari ya karibu kwa umma inaweza, kwa sheria zake, kumlazimisha kwa njia isiyovuka kiasi kinachohitajika. Ibara ya 32 inataka msafiri atendewe kwa utu na heshima, na jinsia, mila na dini yake vizingatiwe. Mwanamke anayevaa nikabu ana haki ya kuomba achunguzwe na mwanamke mwenzake mahali pa faragha. Aliyewekwa karantini apewe chakula na maji, malazi, matibabu, ulinzi wa mizigo yake, na mawasiliano kwa lugha anayoielewa. Omba mkalimani, na usitie sahihi karatasi usiyoielewa.

Ibara ya 40 inazuia kumtoza msafiri kwa uchunguzi wa kujua hali yake ya afya na kwa kutengwa, ingawa haiwahusu wanaoomba ukazi. Pamoja na hayo, wakati wa UVIKO-19 nchi nyingi zilitoza, na hoteli za Uingereza nilizozitaja ni mfano mmoja. Kwa hiyo dai haki yako, lakini usiijenge bajeti ya safari juu ya ibara hiyo. Beba fedha za kukaa siku 10 zaidi, au bima ambayo umeisoma mwenyewe na kuona kwamba inalipia karantini; bima nyingi za safari hulipia kuugua, hazilipii kutengwa kwa mtu asiyeugua.

Majibu yakitoka kwamba unao ugonjwa kabla ya kuondoka, iarifu kampuni ya ndege mara moja kwa maandishi, kwa sababu abiria aliyetoa taarifa kabla ya ndege kuondoka hutendewa tofauti na yule ambaye hakutokea tu. Ujitenge, uwaambie uliokuwa nao karibu, na usitafute maabara ya pili itakayokupa jibu unalolitaka.

Baada ya kufika

Ukaguzi haumalizikii uhamiaji. Rwanda ilipokuwa na Marburg, Marekani iliwaelekeza wasafiri waliotoka huko katika viwanja vitatu tu, O'Hare cha Chicago, JFK cha New York na Dulles karibu na Washington, ambako kuanzia katikati ya Oktoba 2024 walikaguliwa, wakatoa mawasiliano yao, na kuhesabiwa siku zao 21. Ukipewa utaratibu wa namna hiyo, pima joto asubuhi na jioni kwa saa zilezile, andika kwenye daftari, na ujibu simu hata kama namba ni ngeni. Dalili zikianza, usipande basi wala teksi kwenda hospitali; piga simu kwanza, useme tangu sentensi ya kwanza ulikotoka na tarehe uliyofika, ili watakaokupokea wajikinge kabla hujaingia mlangoni.

Pasi ya kupandia ndege usiitupe mpaka siku hizo zimalizike. Abiria mwingine akigundulika na ugonjwa, maofisa huanza kuwatafuta waliokaa safu mbili mbele yake na safu mbili nyuma yake, na watakapokupigia simu swali lao la kwanza litakuwa namba ya kiti chako.